Mizani Namba Kumi na Saba

Makoroboi pamebaki jina.
Koroboi lenyewe ninalo moja, la kopo la maziwa,
utambi umekauka kama ulimi wa mgonjwa,
na tangu Pasaka hakuna aliyeuliza bei.

Duka nilirithi kwa mjomba Ng'wigulu
pamoja na deni la pango na vyuma hivi:
cherehani ya miguu isiyo na mkanda,
redio ya mbao ambamo mende wamehamia ukoo mzima,
taipureta isiyopiga herufi R.
Mjomba aliwaandikia nayo barua kina mama wa Igogo,
kila "rudi" ikatoka "udi",
na waume walioko migodini Geita
wakatuma manukato, wenyewe wasije.

Watu huingia, sikatai.
Hupiga picha. Hugusa. Husema, kumbe!
Bibi alikuwa na pasi kama hii, ya mkaa, yenye jogoo.
Halafu huniuliza kama nauza chaja.

Anayenunua ni Mayunga peke yake,
kila Jumanne, na mkokoteni wake.
"Chuma ni chuma, dada. Kumbukumbu haina kilo."
Juu ya bati korongo wanatutazama
kama madalali waliokosa haraka.

Sasa, Ijumaa ile
mvua ilitoka ziwani ikampiga mtu hadi mlangoni pangu:
mama mtu mzima, kandambili mkononi.
"Mwadila," akasema, akajikung'uta,
kisha akanyamaza katikati ya kujikung'uta.
Alikuwa ameiona mizani ya pamba
nyuma ya magurudumu ya baiskeli,
namba kumi na saba kwa rangi nyekundu.

"Hii ilikuwa Magu. Ghala la chama."
Nikasema ndiyo, mjomba aliinunua ghala lilipofungwa.
Nikaanza kuisifu, shaba halisi, haina kutu,
ulimi wa biashara ukanitangulia.
Hakunisikia.
"Una kitu chenye uzito unaojulikana?"

Jirani yangu anauza vifaa vya ujenzi.
Nikaazima mfuko wa saruji, haujafunguliwa,
kilo hamsini, kiwanda kimeandika chenyewe.
Tukaupandisha wawili, mgongo wangu ukalia.
Nikasogeza jiwe la mizani, tiki, tiki,
mkono ukatulia.
Arobaini na sita.
Nikasogeza tena. Nikapuliza vumbi.
Arobaini na sita.

Akakaa juu ya kreti la soda.
Mvua ikapiga bati, tukasubiri ipunguze
kwa sababu alikuwa anaongea polepole.

"Gunia letu tulilipima misheni. Themanini.
Akaenda nalo kwa baiskeli, usiku.
Akarudi na risiti ya sabini na nne.
Nikamwambia: sita umezinywa.
Akasema, Nkwimba, sijanywa.
Nikamwambia: umezinywa.
Miaka kumi na minane, mwanangu,
kila tulipogombana, hata kuku akipotea,
nilimrudishia zile sita."

Nikamuuliza yuko wapi sasa.
Akaonyesha kwa kidevu, upande wa Magu,
chini kidogo ya upeo.

Nilitaka kumwambia achukue mizani bure.
Akanitangulia:
"Niipeleke wapi? Hata mlango wangu haiingii."
Akavaa kandambili. Kizingitini akageuka,
akaitazama ile namba
kama mtu anavyotazama shahidi aliyechelewa,
kesi imekwisha, hakimu kahamishwa.
Mvua ilikuwa bado. Akaenda nayo.

Saruji sikuirudisha. Niliilipia,
mimi nisiye na hata tofali moja.

Jumanne Mayunga akaja, kofia imelowa jasho,
akaining'iniza mizani yake mpya ya betri,
tarakimu zinawaka nyekundu.
"Leo tunaanza na nini, dada? Cherehani?
Au lile limzani lako lisilo na mteja?"

Nikaukokota mfuko hadi miguuni pake.
Nikasema,
leo tuanze na saruji.