Mwavuli wa Bitana

Mwantumu aliingia dukani, barabara ya kumi na mbili,
na boksi jembamba kama la viatu vya mtoto.
"Shangazi, roketi."
Nikadhani ni jina la kitambaa kipya.

Akavimwaga mezani, juu ya suti ya bwana Mhina isiyo mikono:
bomba la karatasi, kichwa cha plastiki,
kibao cha kukatia mapezi, chepesi kama ganda la karanga,
na mwavuli wa nailoni uliokunjwa miaka mingi
hadi ukachanika kwenye mikunjo.
Maelezo ya Kichina, picha za watu wote.
Picha nazijua. Mimi husoma pateni.

Wiki nzima duka likanuka gundi.
Pezi la kwanza likakaa upande. Nikamwambia, fumua.
"Gundi haifumuliwi, shangazi."
Akapasua kwa wembe, akapiga msasa, akaanza upya,
akipima kwa ubavu wa kiberiti, ulimi nje,
kama mimi mwaka ule nikijifunza matundu ya vifungo.

Mpira wa kushikiza kichwa na mwili ulikuwa umeoza.
Nikavuta droo: lastiki ya chupi, mia tano kwa mita.
Akacheka hadi akakaa sakafuni.
"Haijawahi kuruka," nikamwambia,
"lakini haijawahi kumwaibisha mtu."

Mwavuli nikaukata kwenye bitana
iliyobaki gauni la harusi la binti Kihiyo.
Pembe sita. Pindo nikalishona kwa mkono,
cherehani ingelitafuna.
Nikaupaka poda ya mtoto usigandamane.
Sikumwambia nilichokuwa nikiwaza:
kwamba nimekata pia nguo nyeupe, usiku wa manane,
zisizo na kifungo wala mfuko,
nazo hushuka,
na sijawahi kuombwa kuzipunguzia mwendo.

Jumamosi, Pongwe, shamba la mkonge uliozeeka.
Msimamizi akauliza, "Kuna moto?"
Mwalimu Shemzigwa akasema, "Upo, lakini mdogo."
"Mdogo kiasi gani?"
"Sekunde mbili."
Msimamizi akaenda kusimama mbali, na ndoo yake ya maji.

Injini ni kitu cha urefu wa kidole. Waya mbili, fimbo ya chuma, kibonyezo.
Tano, nne, na watoto wakaruka moja kwa moja hadi sifuri.
Kimya.
Betri za tochi zimechoka.
Wakachomoa za redio ya msimamizi, katikati ya mpira,
naye akanung'unika, lakini akasogea hatua tatu karibu.

Mara ya pili sikuiona ikiondoka.
Niliona moshi, fimbo tupu,
na shingo zote zimekunjwa nyuma.
Moto ukaisha, nayo ikazidi kupanda
bila chochote, kwa mkopo wa ule msukumo.
Moja. Mbili. Tatu.
Huko juu ikasimama, haipandi haishuki,
kama sindano iliyosahauliwa kwenye nguo.
Nikabana pumzi. Nilijua ninachosubiri
na hakuna mwingine pale aliyekijua.

Pa. Mlio wa punje moja ya bisi.

Na bitana ya binti Kihiyo ikachanua,
pembe zote sita,
nyeupe, ikishuka polepole,
polepole, kana kwamba chini hakuna haraka.

Pindo lilishika.

Upepo ukaipeleka hadi kwenye mlingoti wa mkonge, ikaning'inia.
Semboja akaifuata kwenye miiba,
akarudi na mikwaruzo na pezi moja limevunjika.
Mwantumu akanitazama.
"Gundi ipo," nikasema. "Na bitana bado nusu mita."

Suti ya bwana Mhina mpaka leo haina mikono.
Aje Jumatatu, nitamweleza.
Hataamini, lakini nitamweleza.