Msumari wa Sebuleni

Kijana wa duka ananionyesha televisheni
iliyovaa fremu ya mbao
kama mtu aliyeazima koti la harusi.
"Mama, hii haiko televizyo tu.
Ukiizima, inakuwa tablo.
Iko na tablo mia nne ndani ya tumbo."
Anabonyeza. Maua ya zambarau. Anabonyeza.
Theluji juu ya paa la watu nisiowajua.
Anabonyeza. Matufaha matatu na kisu,
na hakuna mkono wa kuyamenya.
Nauliza bei. Anaitaja kwa dola,
taratibu, kama daktari.

Nyumbani Katuba, juu ya kiti cha Mwepu,
pana mstatili mweupe kuliko ukuta wote,
na juu yake, katikati, msumari.
Hapo iliishi treni ya Lukonde.

Lukonde alikuwa na deni kwa baba:
nusu gunia la unga, mwaka ule mishahara ya kiwanda
ilipokuja baada ya miezi mitatu mitatu, kisha ikasahau njia.
Unga ulikwisha. Gunia lilibaki.
Akaliwamba kwenye fremu, akalipaka rangi za milango,
akatuletea deni lake begani, bado linanuka.
Treni nyekundu, bomba la moshi, mlima mweusi wa kiwanda,
na madirishani abiria kumi na mmoja, wote uso mmoja,
maana Lukonde alijua kuchora uso mmoja tu, wa mkewe.
Ukisogea karibu, chini ya reli,
maandishi ya gunia yalisomeka bado: KILO 50.

Mama alikula bukari chini ya treni hiyo miaka kumi na tisa
na hakuwahi kuisifu.
Siku mgeni mwenye viatu safi alipoinunua,
dola sitini, zote zikaingia kwenye dripu ya baba,
mama aligeuza kiti chake, akala akitazama mlango.

"Unaweza kuweka picha yako mwenyewe," kijana anasema,
"ya harusi, ya batoto, yote inaingia."
Ninayo moja. Kaka yangu siku ya komunyo,
soksi moja imeshuka,
na nyuma ya sikio lake, behewa la mwisho.
Ndilo lililobaki. Behewa, na abiria mmoja na nusu.

Mwepu anaitaka kwa ajili ya mpira. Hafichi.
Kiluba anaitaka kwa sababu majirani hawana.
Mimi nimekuja na utepe wangu wa kushonea.
Nililipima lile doa alfajiri, kabla hawajaamka:
sentimita tisini na saba kwa sitini na mbili.
Sasa naipima televisheni kama mteja wa gauni,
kijana anacheka, simjibu.
Inalizidi doa pande zote, kiganja kizima.
Italifunika.
Hakuna atakayejua kuwa palikuwa na kitu.

"Na umeme ukikatika?"
"Inakuwa nyeusi, mama. Ukirudi, inaamka yenyewe."
Kwetu unarudi saa nane za usiku,
kwa saa mbili, kama mume mwenye nyumba mbili.
Ndipo tunapopiga pasi, ndipo ninaposhona,
ndipo pampu za mtaa mzima zinapoanza kukohoa.
Nayafikiria matufaha yale yakiamka saa nane
kummulika Mwepu aliyelala mdomo wazi.
Nalifikiria behewa, limekuzwa hadi likachanika chembechembe,
na sikio la kaka yangu pana kama ungo.
Nacheka peke yangu.
Kijana anadhani nimekubali, anatafuta daftari la risiti.

Nimemwambia aniandikie bei tu.
Mwepu ameuliza: kubwa? Nimejibu: kubwa.
"Basi tung'oe kwanza huo msumari," akasema, akaenda kulala.
Karatasi ya bei nimeitundika hapo hapo.

Saa nane taa imewaka, cherehani imeanza,
Kiluba ametoka kitandani na shuka mabegani,
amesimama mbele ya ukuta, mikono nyuma,
anasoma namba moja moja kwa sauti.
Kisha anainama pembeni, karibu kabisa,
anauliza nani ameandika.