Mafuta ya Vali ya Tatu

Elfu moja na mia mbili. Vugutsa mweka hazina
alizihesabu akilamba kidole kwa kila noti.
"Na risiti, Kageha. Isiandikwe kwa penseli."
Nauli ilikuwa juu yangu.

Wote walijua kisa. Huko Chavakali, kwenye maziko,
vali ya tatu ilishuka ikakataa kupanda,
nami nikabaki na noti moja mkononi
kama mtu aliyeshika kuku asiye wake.
Ubeti wa pili ulichechemea hadi kaburini.

Basi nikateremka Kisumu
na mdomo wa besi mkobani, ndani ya soksi,
wakiniuliza ukubwa niwe na cha kuonyesha.

Duka la kwanza: magitaa ukutani, spika hadi dari.
"Besi gani, dada? Ya gari?"
Nikafungua soksi. Kijana akatazama ndani
kama aliyepewa bilauri akaikuta haina chai.

La pili ni la vipuri vya cherehani, nyuma ya soko,
la Odhuno, aliyepuliza tromboni bendi ya magereza
hadi mgongo ulipomstaafisha.
Huyu hakuuliza. Aliupima mdomo kwa kidole gumba,
akavuta droo ya chini kabisa.

Kwanza akaweka braso mezani, kopo linalometa.
Kizuri chajiuza. Mkono wangu ukaenda wenyewe.
"Hii hula," akasema. "Leo inakula kutu,
kesho vanishi, keshokutwa inakula shaba yenyewe.
Mtabaki na besi inayong'aa na matundu."
Kopo likarudi drooni.

Mafuta ya cherehani: shilingi themanini.
Nilisimama hapo muda mrefu, sitaficha.
Themanini! Vugutsa angenikumbatia.
"Mazito," akasema Odhuno. "Vali itakwenda
kama ng'ombe topeni. Ukitaka, nakuuzia."
Hakuniuzia. Alisukuma kichupa chembamba,
maji matupu ukitazama, harufu ya taa ya zamani:
mia sita na hamsini.

Na brashi ya nyoka, waya unaopindika
na manyoya huku na huku, mia nne na hamsini.
"Grisi ya slaidi?"
"Vaselini si unayo nyumbani? Usinipe pesa bure."
Sabuni ya vyombo, sitini. Chenji, arobaini.

Mbale, Jumamosi, nyuma ya kanisa,
nikaazima beseni la kuogeshea pacha wa Mmbone.
Maji vuguvugu; niliyapima kwa kiwiko,
maana ya moto huambua vanishi kama ngozi ya nyanya.
Vali nikazipanga juu ya taulo, moja, mbili, tatu,
zisisahau nyumba zao.
Kisha nikamtuma nyoka tumboni.

Kilitoka kijani kwanza, kizito, cha aibu.
Kikatoka kiota cha nyigu, udongo mkavu.
Kifungo cha shati.
Na maganda ya njugu, mekundu, laini,
mengi kuliko yanavyoweza kuingia kwa bahati mbaya.

Nikampigia Chahasi, aliyeipuliza miaka kumi na tisa
kabla meno hayajamtoka akahamia Kitale kwa bintiye.
"Mzee, ulikuwa unakula njugu kwenye mazoezi?"
Kimya. Kisha kicheko, kisha kikohozi.
"Mahubiri yalikuwa marefu," akasema.
"Bado inavuta pumzi nyingi?"
Nikasema inavuta. Akasema, "Haya,"
na hakukata simu mara moja.

Vugutsa alikuja jioni, akaizunguka besi mara mbili.
"Mbona haing'ai?"
Nikabonyeza vali ya tatu. Ikashuka, ikapanda,
bila kuombwa, bila sauti.
Hakuona kitu. Alinyoosha kiganja: risiti.

Nilikuwa sijaisoma. Akaisoma yeye, kwa sauti:
"Vipuri vya cherehani, elfu moja na mia moja."
Kwa penseli.
"Kageha, tangu lini bendi hii inashona?"

Nikaiweka besi mapajani, nikajaza kifua,
nikamjibu kwa noti ya chini kabisa niliyo nayo.
Vioo vya dirisha vikaitikia.
Kuku wa mchungaji wakavuka barabara.