Soksi ya Kushoto

Sikuanguka ngazini.
Miaka thelathini na moja nilipanda vilima vya Valparaíso
mkoba wa barua begani,
vidato mia mbili na kumi na vinne hadi kwa mjane Ojeda
ambaye hakuandikiwa na yeyote ila kampuni ya maji,
mawe yakiteleza kwa mvua, mbwa wakinijua kwa harufu,
na sikuanguka.
Nilianguka chumbani, Jumanne asubuhi,
nikivaa soksi.

Ya kushoto. Ya sufu, ya kijivu.
Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka;
mimi hata kujikwaa sikujikwaa.
Nilikwenda chini mzimamzima
kama gunia lililosahauliwa wima.

Binti yangu Yasna alileta fimbo,
akaiegemeza mlangoni, asiseme neno.
Wiki ya pili akanipeleka kwa Nélida.

Ukumbi wake ulikuwa kiwanda cha mikate;
kuta bado zinanuka hamira.
Tulikuwa wanane, kila mtu na blanketi lake.
Nilitarajia amri: chuchumaa, nyanyua, hesabu!
Akasema, laleni.
Akauliza, kisigino kipi kinalemea sakafu zaidi?

Nikacheka peke yangu.
Miaka sitini na tisa nakaa na visigino hivi
na sijawahi kuwauliza hali.
Mimi, niliyefikisha habari za mji mzima,
ya posa, ya deni, ya msiba wa mbali,
barua ya unyayo wangu
nilikuwa naikanyaga bila kuifungua.

Macho kulia, kichwa kushoto.
Nyonga ni uso wa saa, alisema:
iviringishe toka sita hadi tisa,
polepole, usikaze taya.
Nikaviringisha kama mtu anayesukuma kabati.
Punguza, akasema.
Nikapunguza.
Bado nyingi, Baldomero. Punguza.
Nikapunguza hadi nikabaki na nia tu,
na hapo, mahali fulani chini ya mbavu,
kitu kikaachia.

Jioni ile niliona kwenye kioo cha duka la viatu
bega langu la kulia limepanda juu.
Miaka saba tangu nistaafu
na bado lilikuwa limebeba mkoba.
Sikuliambia lishuke.
Nililitazama tu, hadi likaona aibu.

Mwezi wa nne tukasimama kwa mguu mmoja.
Kusimama, nimegundua, ni kazi ya wizi:
unaanguka kidogo, unajidaka,
unaanguka tena upande wa pili,
na vidole vya mguu ndivyo vinavyoficha siri.
Bwana Etchart, aliyeendesha kreni bandarini,
alikuwa akipumua kama nyati.
Ndipo taa zikaanza kucheza.

Hapa kwetu ardhi hutikisika, hatukimbii ovyo.
Lakini Nélida alishika kizingiti cha dirisha kwa mikono miwili,
na sisi wazee wanane, mguu mmoja hewani,
tukalegeza magoti bila kuambiwa,
tukaiacha sakafu ipite chini yetu.
Nne na nusu, akakisia Etchart, ilipokwisha.
Rosalba anasema nilimshika mkono wa sweta.
Mimi nasema ni yeye aliyenishika.
Sweta imevutika; ushahidi ndio huo.

Fimbo bado iko mlangoni. Naitundikia kofia.

Leo asubuhi nimeiokota soksi,
ya kushoto, ile ile,
nikasimama mbali na kitanda.
Unyayo wa kulia ukatanuka,
kidole gumba kikapapasa vigae
kama mtu anayetafuta swichi gizani.
Nikayumba. Nikaacha niyumbe.
Nje, muuza gesi alikuwa akigonga mitungi yake
na sikumhesabia.

Imeingia.
Kisigino cha soksi kimekaa juu ya kifundo,
upande usio wake.
Nitaivaa vizuri kesho.