Keki ya Udongo

Jumatano Kageha aliniuliza tena bei ya keki,
ile ya ghorofa mbili dirishani pa duka kubwa,
nami nikajitia pini mdomoni.
Fundi cherehani ana bahati hiyo:
pini humwokoa na maswali mengi.

Usiku nikahesabu nilicho nacho.
Gunia la vipande vya kitenge,
kola za sare zilizokataliwa na mwalimu mkuu,
vifungo visivyo na wenzao,
mifuko ya saruji, mitupu, kutoka kwa Ambani mwashi,
na unga wa muhogo wa kupika gundi.
Mkono mtupu haulambwi, ni kweli,
ila wangu haukuwa mtupu,
ulishika mkasi.

Niliwaalika wanane.
Wakaja kumi na wanne.
Amalemba haina siri, harufu ya mandazi hupita ukutani.
Vugutsa alikuja na mdogo wake mgongoni,
Shisia na kikombe chake mwenyewe, kwa tahadhari,
na mtoto mmoja ambaye hadi leo sijui ni wa nani:
alikula, akashona, akaenda.

Tulianza na mataji.
Karatasi ya saruji ni kaidi,
unaikunja huku, inafunguka kule,
na gundi, badala ya karatasi, ilipenda nywele.
Rangi tulizipika:
manjano ya mchuzi, makaa, zambarau zilizopondwa,
majani ya kunde yaliyotoa kijani cha kusikitisha.
Vugutsa akakata bamia, akaichovya, akagonga.
Ua!
Hakuna aliyemfundisha.
Basi bamia zangu za jioni zikaisha hivyo,
ua juu ya ua, hadi kwenye shati langu.

Saa tisa mvua ikaja.
Mvua ya Kakamega haichelewi kazini.
Tukajibana chumbani, kumi na tano na cherehani,
na nilipohesabu vichwa kimoja hakikuwepo.
Shisia akaingia analowa,
kikombe kimejaa udongo wa mtaro wa bomba,
mwekundu, mlaini, unang'aa kama ini.
Nikafungua kinywa nikemee.
Kageha akanitazama tu.
Nikafunga kinywa, nikatandika gunia.

Vikombe kumi, kumi na viwili,
sikuhesabu tena.
Ghorofa ya kwanza, ya pili,
"Kwani ni nani alisema tuishie mbili?"
Vifungo vikawa sukari,
lesi ya gauni la harusi ambalo mwenyewe hakurudi kulichukua
ikazunguka kiunoni mwake,
punje za mahindi juu, na kola moja nyeupe,
sijui kwa nini, lakini ilipendeza.

Stima ikapotea, kama kawaida yake.
Nikachukua mshumaa mmoja, ule wa dharura,
nikaukata saba.

Ndipo Mideva akaingia kutoka zamu ya hospitali,
viatu mkononi, macho yamekwisha kulala kabla yake.
Akaona taa saba, lesi, nyuso kumi na tano chini ya mataji.
"Mlipata wapi pesa?"
Hakungoja jibu. Akachukua kisu.
Hakuna aliyepumua.
Kisu kikazama, kikakwama,
akavuta, akanusa ncha,
akatutazama mmoja mmoja
kama mgonjwa aliyepewa dawa ya mwenzake.

Sijawahi kusikia kicheko kama kile.
Mvua yenyewe ilinyamaza kidogo.
Mideva alicheka hadi akakaa sakafuni,
gundi ikamshika sketi,
na pale pale akala mandazi manne.

Sasa imekauka, iko kando ya cherehani.
Ina ufa mmoja, wa kisu,
na matundu saba ambamo nahifadhi
chaki, sindano kubwa, penseli, ushanga uliopotea.
Wateja huuliza ni nini. Nawaambia ni keki.
Kageha huchungulia juu yake kila jioni,
kidole kinatafuta pa kutoboa tundu la nane,
hapaingiliki.
"Itabidi tuivunje, baba,
tuikande upya."
Nina pini mdomoni.
Natikisa kichwa: ndiyo.