Fulana Nne

Tulianza na fulana nne nyeupe, za pamba,
za baba yangu, zilizoishia kwapani.
Mwalimu Paraskiva alikuwa amesema:
"Filamu ya udongo haina mhusika. Mtafuteni."
Basi tukamzika mara nne.

Moja makaburini, chini ya ukuta wa mawe,
ambako plau haijapita tangu kijiji kipate jina.
Moja kwa bibi Yevdokia,
anayevirudishia viazi maganda yake kila jioni.
Moja kwenye mizabibu ya ushirika wa zamani.
Ya nne kilimani, kwetu, katikati ya alizeti.
Liviu alishika kamera ya kukopa,
mimi sepetu, na hesabu:
siku sitini, kina cha kiganja.

Moldova yote hujisifia udongo mweusi.
Babu alisema ungeweza kuupaka kwenye mkate.
Sasa kilimani una rangi ya karatasi ya kufungia nyama,
na mvua ya kishindo ikinyesha
huteremka wenyewe hadi barabarani,
hupita mbele ya duka la Zinaida,
huingia mtoni bila kuaga.
Nguzo ya umeme kando ya shamba letu
imebaki na mguu wa zege nje, hadi gotini,
kama mtu aliyepandisha suruali avuke maji.
Liviu aliipa sekunde kumi na moja.
Mimi nilitaka nane. Tuligombana.

Agosti, tukafukua.
Makaburini tulipata lebo,
na uzi wa nailoni uliochora shingo ya mtu asiyekuwepo.
Kwa bibi, matambara, na nyungunyungu
akipita kwenye tundu la mkono kana kwamba anavaa.
Kwenye mizabibu, nusu.
Kilimani sepetu ililia kama imegonga meza.
Fulana ikatoka nzima.
Niliikung'uta mara mbili.
Ungeweza kuivaa kwenda kanisani.

Huko chini hapakuwa na mdomo hata mmoja
wa kuila.

Udongo uwahi ungali maji, husemwa.
Wetu ulikuwa haushiki maji tena.

Usiku wa kuhariri nilikikata kipande kile,
nikakirudisha, nikakikata.
Nacho, filamu ni dakika saba.
Bila yake, dakika sita na nusu
na baba mwenye amani.
Mwalimu alisema uamuzi ni wangu,
jambo ambalo si jibu.

Tulitundika shuka kwenye goli la mpira wa kikapu.
Fulana ilipotoka ardhini watu walicheka,
kicheko kizuri, cha majirani,
kisha kikapungua safu kwa safu,
kila mtu akikumbuka alipolima.
Baba alikuwa safu ya tatu, kofia magotini.
Miaka ishirini amekilima kilima kile toka juu kwenda chini,
kama alivyofundishwa, na kila vuli akachoma mabua,
kwa kuwa shamba safi ni heshima,
na heshima huonekana toka barabarani.

Nyumbani aliuliza: "Iko wapi?"
Nikampa, nimeshaifua.
Aliinua kwenye taa, akatafuta tundu
kama mtu anayekagua noti aliyopewa gizani.
Hakuliona. Akaikunja.
Akauliza kama kuna supu.

Ni Oktoba. Moshi umepanda mashamba yote
isipokuwa moja.
Mabua yetu yamesimama, machafu, yamekaa ovyo,
na jirani Anatol ameshaniuliza mara mbili
kama baba anaumwa.

Fulana sijui iliko.
Ila kilimani, hatua nne toka kwenye ile nguzo,
kuna mahali pameguswa kwa sepetu
na kusawazishwa kwa buti.
Liviu anataka twende na kamera.
Nimemwambia betri imekwisha.