Nchi ya Asubuhi Moja

Ukianza safari umande ungali majanini
unaimaliza Usenga kabla haujakauka.
Ndiyo nchi yote hiyo:
mto mmoja usiofika kiangazi,
kaya mia tatu na kumi na mbili,
mizinga ya nyuki juu ya miyombo, haina hesabu,
na kiti cha mninga, miguu mitatu, mmoja mfupi.

Alikirithi Nyamizi binti Kapele
kwa kuwa mjomba alikufa bila mpwa wa kiume
na wanyampara walikwisha kuchoka kubishana.
Walimkuta anapepeta uwele.
Wakamvika kibangwa, pumba zingali nyweleni.
Shangazi yake mmoja akacheka, akakatwa jicho,
akaendelea kucheka.

Wiki ya tatu akaitwa Tabora, Bomani.
Siku mbili kwa miguu, na siku moja ya kungoja juani.
Bwana mwenye kalamu akauliza: "Mtemi yuko wapi?"
Mkalimani akamtazama Nyamizi,
kisha akavitazama viatu vyake mwenyewe.
"Ndiye huyu."
"Nimeuliza mtemi, si mkewe."
"Ndiye huyu, bwana."
Karatasi ilikuwa na mistari yake, na mistari ina amri,
na palipokuwa pa kuandika, hapakuwa pa mwanamke.
Basi wakamwandika hivi. Nimeiona kwa macho yangu,
ndani ya sanduku la bati, imeliwa na mchwa pembeni:
*Nyamizi. Jumbe. Mwanamume. Meno kamili.*

(Meno waliyajuaje?
Labda aliwacheka.)

Kisha kodi. Rupia tatu kila nyumba.
Mwanamume wa karatasi akarudi kwake
akafikiri kama mtu mwenye chungu kimoja na wageni wengi.
Usiku wa kuamkia hesabu, kaya zikahamia kaya;
mawifi wasiosemezana tangu mavuno
wakalala ubavu kwa ubavu,
na nyumba mia moja na ishirini zikavuliwa paa,
zikajazwa mbuzi, zikaitwa mazizi.
Askari akahesabu mia moja tisini na mbili.
Akasimama kwenye zizi moja. Ndani mna kinu.
"Mbuzi wenu wanatwanga?"
"Wa huku wanatwanga," akasema Nyamizi,
akampa kibuyu kizima cha asali.

Ningependa kuishia hapo.
Lakini mwaka wa pili alikuja mwingine, asiyependa asali,
na viboko ishirini na tano vikamshukia mnyampara Luziga
aliyesema hesabu ile ni yake.
Nyamizi alisimama pale pale, akivihesabu kimyakimya.
Hakukalia kiti mpaka mgongo wa mzee ulipopona.
Wengine wanasema hakukikalia tena kabisa,
kwamba mashauri yote aliyasikiliza amesimama,
na ndiyo sababu mashauri ya Usenga yalikuwa mafupi.

Reli ikapita mbali, vita vikapita karibu.
Wadachi wakaenda zao, wakaacha boma
na maneno mawili matatu midomoni mwetu:
shule. Hela.
Sisi nasi tulikuwa na letu, ikulu,
wenye nchi kubwa wakalichukua;
leo likitajwa, nani anaiona nyumba ya udongo,
jogoo kizingitini, mwanamke anaosha miguu?

Alikufa mzee, analalamikia chumvi ya mchuzi.

Mimi nimerithi kiwanja Isevya,
hatua ishirini kwa thelathini,
na kibangwa, kipana kama kisahani cha chai,
gamba la konokono wa bahari
ambayo hakuna kwetu aliyepata kuiona.
Jana nilikwenda ofisi ya ardhi kubadilisha jina.
Karani kijana, mpole, akanigeuzia fomu:
"Mama, hapa unaandika jina la mume."

Nikacheka. Meno yote.
Foleni nyuma yangu ikaguna.
Nikaandika: Nyamizi.

Akasoma, akapiga mhuri.
"Hela unalipia dirisha la pili."